Wiki moja ya Aprili hapa Fargo: Jumatatu kandambili, Alhamisi dhoruba ya theluji

#1 BintiPangani

Wakuu, salaam. Niko Fargo, Dakota Kaskazini, Marekani, huu mwaka wa sita. Kuna kijana wa humu kaniuliza inboksi: anakuja kusoma pande hizi, anafika Aprili, je, baridi itakuwa imeisha? Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa. Basi nimwandikie wiki yangu iliyopita siku kwa siku, aamue mwenyewe.

Shuleni tulifundishwa kuwa haya ni majira ya machipuo. Hapa mpaka leo hakijachipua kitu. Miti imesimama kama fagio za chelewa zilizogeuzwa juu chini.

Jumapili. Nyuzi 4 za Selsiasi, mawingu. Kwenye maegesho ya supamaketi bado kuna kichuguu cha theluji ya tangu Desemba, kimekuwa cheusi kwa moshi na mchanga, na toroli mbili zimenasa humo. Usiku bata bukini wanapita juu kundi kwa kundi kuelekea Kanada, kelele mpaka alfajiri. Wenyeji wakiwasikia wanafurahi kama sisi tukiona machungwa ya Muheza yameingia sokoni.

Jumatatu. Asubuhi nyuzi 9, saa nane mchana 22. Upepo wa kusini, mkavu, ukifungua mlango unakupokonya. Jirani katoka na kaptula, kifua wazi, anaosha gari. Watoto wakadai kandambili, nikawapa. Na mimi nikalewa jua: nikafua, nikaanika kanga kwenye reli ya baraza, nikafungia viatu vya theluji kwenye boksi, na beleshi lililokaa kwenye buti ya gari tangu Novemba nikalitoa nikalitupa stoo. Hilo beleshi mlikumbuke.

Jioni simu ikalia: onyo la moto wa nyasi. Ndiyo, moto. Nyasi za mwaka jana zimekauka kama makuti, upepo mkali, unyevu hakuna. Cheche moja inakula shamba zima.

Jumanne. Mpaka saa saba mchana nyuzi 18. Nilikuwa barazani na dera langu nakunja nguo, nikaona upande wa magharibi wingu limejipanga mstari mmoja, kijivu kizito, kama limepigwa rula. Huku hakuna kilima wala msitu wa kuzuia jicho, unaliona wingu likiwa bado wilaya ya jirani. Upepo wa kusini ukakata. Dakika mbili kimya. Halafu ukaja wa kaskazini, mpigo mmoja tu, kanga moja ikang'oka kwenye reli ikaenda zake, nikaiona inavuka paa la jirani na basi. Saa kumi jioni nyuzi 3.

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, nyuzi 1. Jioni ikaanza kuganda kila inapogusa: kila kijiti kimevishwa kioo, mlango wa gari umeng'ang'ania fremu yake. Halafu zikaja chembe za barafu kama mchele, zinapiga dirisha tatatata. Mimi naingia kazini usiku, nahudumia wazee kwenye kituo kimoja nje ya mji, kilomita 40. Nilikwenda kwa mwendo wa baiskeli, nikafika.

Alhamisi nitaileta baadaye, mtoto ananiita.

#2 Mzee wa Kijiwe

Hii chai, dada. Tena ina tangawizi. Nyuzi 22 Jumatatu, barafu Jumatano? Hata friji ya baa haipoozi hivyo. Uzi bila picha haujakamilika.

#3 Mnyalukolo

Mzee, usibishie usichokijua. Kwetu Makete, Juni na Julai, asubuhi nyasi zina barafu nyeupe, saa sita umevua koti. Ila kuna tofauti moja: Makete inafanya hivyo kila siku, unaizoea, unaipangia. Huko kwa dada naona haina ratiba kabisa.

#4 RubaniMtarajiwa

Mimi ni Mkenya, niko Grand Forks, kama kilomita 130 kaskazini ya huyo dada, nasomea urubani chuo kikuu hapa. Hiyo si chai hata kidogo. Wiki hiyo nilipangiwa kuruka mara tano. Jumatatu jua tupu, anga safi, lakini upepo ulikuwa unakata njia ya kurukia kutoka ubavuni na mwalimu akakataa. Jumanne tuliahirisha, Jumatano barafu (bawa likivaa barafu hata nyembamba halibebi tena vizuri, hiyo siyo ya kujaribu), Alhamisi uwanja haukuonekana hata ukiwa umesimama juu yake. Niliruka Jumamosi pekee. Wenzangu walioenda kusomea Arizona wananitumia picha za anga la buluu kila siku. Lakini mwalimu wetu anasema ukijifunzia hapa, hali ya hewa haitakushangaza popote, na ninaanza kumwamini.

#5 BintiPangani

Nimerudi. Mzee wa Kijiwe, picha zinakuja, shikilia tangawizi yako.

Alhamisi. Zamu yangu inaisha saa moja asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri barafu ikageuka theluji, na upepo ukawa wa kaskazini-magharibi. Saa kumi na mbili nikachungulia dirishani kuangalia gari langu, hatua ishirini kutoka mlangoni. Hakuna gari. Hakuna maegesho. Theluji haikuwa inashuka, ilikuwa inapita mlalo, kama mtu anamwaga unga mbele ya feni. Taa ya nguzo inaonekana, inapotea, inaonekana.

Wa kunipokea hakuja, asingeweza. Barabara kuu ilishafungwa. Tukabaki wahudumu watatu na wazee ishirini na wanne, na mpishi naye yuko kwao kazibwa na theluji. Tukagawana usingizi kwenye viti vya sebuleni, saa mbili mbili.

Saa sita mchana mkate ukaisha. Nikaingia jikoni, unga upo, mafuta yapo, nikawapikia chapati. Hawa wazee wengi ni wajukuu wa Wanorwe, wana mkate wao bapa wa viazi unaitwa lefse, wanakula kwa siagi na sukari. Mzee mmoja, mkulima mstaafu, kaichukua chapati yangu, kaipaka siagi, kainyunyizia sukari, kaikunja, kala tatu. Akaniambia lefse yangu ni nzuri ila nimeipika nene. Sikubishana naye.

Huyo mzee ndiye aliyeketi dirishani siku nzima akicheka. Kila nikimwambia "hii mbaya" anajibu "ngoja, hii siyo ya 1997". Mwaka huo, tarehe 5 na 6 Aprili, ilipiga dhoruba iliyopewa jina Hannah (gazeti la Grand Forks ndilo linalozibatiza dhoruba za huku, kila moja na jina lake kama vimbunga). Umeme ukakatika, nguzo zikalala. Na theluji yote ile, juu ya ile ya msimu mzima, ikaja kuyeyuka. Wiki mbili baadaye Grand Forks imezama, watu wamehamishwa karibu mji mzima, na katikati ya maji yale moto ukawaka mjini ukaunguza majengo 11. Mzee anasimulia hayo huku anatafuna chapati.

Ijumaa. Alfajiri upepo umekata kana kwamba hakuna kilichotokea. Jua, buluu, nyuzi 9 chini ya sifuri, weupe unaoumiza macho mpaka machozi. Gari langu nimelipata kwa kukisia: upande mmoja theluji imefika kwenye kioo, upande wa pili lami tupu imefagiliwa na upepo. Na beleshi? Liko stoo, Fargo, limetulia. Nimelichimbua gari kwa kizoleo cha taka, saa nzima, vidole vinaniuma mpaka nikatamani kulia. Zamu ya kunipokea imeingia saa tisa alasiri, nimefika nyumbani jioni. Baba watoto kanifungulia mlango kashika beleshi mkononi, hasemi kitu, anatabasamu. Mtu mbaya sana yule.

Jumamosi. Nyuzi 9 juu ya sifuri, jua, mifereji ya paa inatiririka kama masika. Saa nane mchana barabara imekauka. Hapo ndipo tulipo.

#6 Tandiboi wa I-94

Dada pole na hongera. Mimi naendesha semi, njia yangu ni Minneapolis mpaka Billings, Montana. Wasioijua blizadi wasidhani ni theluji nyingi. Kipimo chao kiko wazi: upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, usione mbele hata robo maili, yaani mita 400, na hali hiyo ikae saa tatu. Hata isianguke theluji mpya hata chembe, upepo ukiokota ile ya chini ukaipeperusha, ni blizadi tayari. Kichwani kwako jua linawaka, mbele ya boneti huoni.

Barabara kuu zina mageti kabisa kwenye njia za kuingilia, kama ya reli. Likishushwa, umelala hapo hapo. Alhamisi nililala kituo cha mafuta Jamestown na malori mengine sijui mangapi, tela yangu tupu. Tela tupu kwenye upepo ule ni tanga la jahazi, linaweza kukulaza shimoni bila breki kukusaidia.

Na machipuo yana kero yake nyingine: ardhi iliyoganda inaanza kuyeyuka kutoka juu kwenda chini, juu tope, chini bado jiwe, maji hayana pa kwenda. Barabara za vijijini zinakuwa laini kama keki, serikali inapunguza uzito wa mizigo kwa wiki kadhaa. Mashimo yanayotokea mjini kipindi hiki, ukitoka Dar utajisikia nyumbani.

#7 Ticha wa Jiografia

Kwa anayeuliza inawezekanaje, chukua ramani ya Amerika Kaskazini. Kutoka Aktiki mpaka Ghuba ya Meksiko hakuna safu hata moja ya milima iliyolala mashariki–magharibi ya kuziba njia. Milima ya Rockies imesimama kaskazini–kusini, kwa hiyo inazuia unyevu wa Pasifiki tu. Baridi ya Kanada inateremka bila kupiga hodi, na joto la Ghuba linapanda vivyo hivyo. Tambarare za Dakota ziko katikati, ni uwanja wa wote wawili.

Sasa Aprili: kusini, Texas, kumeshapamba moto, kaskazini, Kanada, bado barafu. Tofauti ya joto kati ya pande hizo ndiyo inayoendesha mkondo wa upepo wa juu, ule ulio kilomita kama kumi angani, na mkondo huo msimu huu unayumba huku na huku juu ya vichwa vyao. Mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa inatembea chini yake. Kizio cha kaskazini upepo unauzunguka mfumo kinyume cha mshale wa saa. Mfumo ukiwa magharibi mwako unapata upepo wa kusini, joto. Ukishakupita unapata wa kaskazini. Hiyo ndiyo Jumatatu na Jumanne ya dada. Ile ya Alhamisi inaelekea ni mfumo wa pili, wa aina wanayoiita kwa jina la Colorado kwa kuwa huzaliwa kwenye ubavu wa milima kule: unavuta unyevu wa Ghuba, unaupandisha, unaukutanisha na baridi. Mvua, barafu, theluji, kwa mpangilio huo huo alioutaja.

Na hizo nyuzi zake wala si rekodi. Spearfish, Dakota Kusini, tarehe 22 Januari 1943, saa moja na nusu asubuhi, joto lilipanda kutoka 20 chini ya sifuri mpaka 7 juu ya sifuri kwa dakika mbili. Dakika mbili! Ni upepo wa joto unaoporomoka kutoka milimani, unaitwa chinook. Browning, Montana, Januari 1916, ilishuka kutoka karibu 7 mpaka 49 chini ya sifuri ndani ya siku moja. Na Dakota Kaskazini yenyewe mwaka 1936 ilipima 51 chini ya sifuri Februari, na Julai ya mwaka huo huo 49 juu ya sifuri.

#8 Mzee wa Kijiwe

Sawa Ticha, nimekaa paleee, nasikiliza. Lakini dada bado anadaiwa picha.

#9 Mwana wa Nahodha

Kinachonishangaza mimi mtu wa Lamu siyo baridi. Ni upepo. Kwetu kaskazi ikiingia unajua imeingia, itakaa miezi, jahazi zinateremka nayo; kusi ikija, itakaa. Kati yake kuna upepo wa matlai wa kubahatisha, basi. Wazee walihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Kiswahili, wakajua lini watweke. Sasa upepo unaotoka kusini mchana na kaskazini kabla ya alasiri, nahodha gani ataufanyia hesabu?

#10 Papa Uvira

Dada BintiPangani, jambo. Mimi niko Moorhead, ng'ambo tu ya mto, upande wa Minnesota. Natokea Uvira, Kongo. Kwa mimi theluji siyo shida, shida ni mto. Huu mto, Red River, unaenda kaskazini, unaingia Kanada mpaka ziwa Winnipeg. Angalia vile: kusini kunayeyuka kwanza, maji yanaanza safari, yanafika kaskazini yanakuta barafu bado imefunga. Yatapita wapi? Na inchi hii yote ni sakafu ya ziwa la zamani, Agassiz, lililoachwa na barafu kuu. Flati kama meza. Maji yakitoka mtoni hayakimbii, yanatandaa tu.

Fargo mafuriko yanahesabiwa kuanzia futi 18. Tarehe 28 Machi 2009 mto ulifika futi 40.84. Mimi nilikuwa bado sijafika, lakini wazee wa kanisa letu walijaza mifuko ya mchanga pamoja na wanafunzi, mchana na usiku, mamilioni ya mifuko. Sasa wanachimba mfereji wa maili 30 kuzungusha maji nje ya mji. Sisi wa Uvira tunaelewa hiyo hofu. Mto wetu Mulongwe ulitubomolea nyumba Aprili 2020, usiku mmoja tu.

Kwa hiyo Jumamosi dada anafurahi jua, mimi nimeshuka chini ya nyumba kusikiliza pampu ya kutoa maji kama inafanya kazi. Ilikuwa inanguruma. Nikalala.

#11 Begi Kilo 23

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza inboksi. Nimesoma yote, mikono inatetemeka na niko Morogoro. Naruhusiwa begi moja la kilo 23. Nibebe nini? Na simu ya rafiki yangu aliyeko huko inaonyesha 32, mbona ni kama Dar?

#12 Tandiboi wa I-94

Hahaha, mdogo wangu, hiyo 32 ni ya Farenhaiti. Hapo ndipo maji yanapoganda. Usije ukashuka ndege na fulana.

#13 BintiPangani

Mdogo wangu, usinunue koti Kariakoo. Yale mazito yanayoning'inia pale ni ya mtumba, mengine mazuri kweli, lakini yatakula kilo zako zote na huku mwishoni mwa msimu yanauzwa bei ya kutupa. Kuja na sweta moja ya maana, suruali mbili, kofia, soksi nyingi. Huku utavaa tabaka tabaka: asubuhi tano, mchana mbili, jioni unarudishia. Viatu viwe visivyopitisha maji, maana kinachotesa Aprili ni rojo la theluji lililoyeyuka, linaingia mpaka kwenye vidole. Utabiri usiusome wa siku, usome wa saa. Na simu ikilia usiku usiizime. Pia ukikaa Moorhead, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi saa saba mchana ving'ora vinalia mji mzima. Ni majaribio. Mimi mara ya kwanza nilijificha bafuni na watoto.

Nafasi itakayobaki jaza unga wa ubuyu. Nakudai.

#14 Mnyalukolo

Hapo kwenye koti sikubaliani na dada. Anatua na nini siku hiyo ya kwanza? Akikuta Alhamisi je? Avae koti mwilini ndani ya ndege, halipimwi kwenye mzani.

#15 BintiPangani

Haya, Mnyalukolo kashinda. Livae mwilini.

Sasa Mzee wa Kijiwe, picha hizo tatu. Ya kwanza jirani na kaptula, nimemziba uso. Ya pili gari langu, hicho chekundu ni kizoleo. Ya tatu nimepiga saa hii, Jumapili asubuhi, nyuzi 2 na ukungu, na simu inasema leo jioni kuna radi. Ni uzio wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Theluji imeyeyuka nusu, na kwenye waya pale chini ni kanga yangu ya Jumanne. Imekauka kwa barafu, ngumu kama ubao, nimeibeba kwapani kama mtu aliyetoka kununua plaiwudi. Haijachanika popote. Na jina lake ni hilo mnaloliona: WEMA HAUOZI.

#16 Mzee wa Kijiwe

Nimeona, nafuta chai yangu. Ila hiyo kanga isijisifu. Ndani ya friza ingeozaje?